Bawabu wa Hamira

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili jioni, kwa sababu nimeona kitu ambacho nisipokiandika nitakuja kudhani nilikiota.

Saa mbili nilifungua kabati la joto. Sahani zilikuwa mle tangu Ijumaa. Kwenye kila sahani nilidondosha matone ya hamira safu mbili: juu hamira ya kawaida, chini hamira ileile ila imefutwa jeni moja, ile tunayoiita Bawabu. Chakula cha sahani nilikitia sumu kidogo, sumu inayofanana na chakula chenyewe kiasi kwamba seli haiwezi kuvitofautisha. Safu ya juu imeota, nyeupe, mviringo safi. Safu ya chini hamna kitu. Imekufa yote. Na kwenye sahani zisizo na sumu, safu zote mbili zimeota sawasawa.

Seli ya hamira ina milango ya kuingizia chakula. Profesa wetu amefundisha miaka kumi na minne kwamba jeni hii ndiyo inayoifungua hiyo milango. Ingekuwa hivyo, hamira isiyo na Bawabu ingeingiza kidogo tu, chakula na sumu vilevile, na ndiyo ingepona. Mimi nimeona ndiyo iliyokufa. Ina maana milango yake ilibaki wazi bila wa kuifunga, ikabugia sumu mpaka basi. Bawabu hafungui. Bawabu anafunga.

Nilicheka peke yangu mle maabara. Nina miaka arobaini na minne. Kumi na tisa kati ya hiyo nimeosha chupa na kupika chakula cha seli za watu wengine katika jengo hili, mpaka wote wananiita Mama Mchuzi, kwa sababu ule mchuzi wa kukuzia seli naupika mimi. Miaka mitano iliyopita nilijiandikisha shahada ya uzamili, nasoma baada ya kazi. Usajili wangu unakwisha tarehe 30 Mei. Tasnifu yangu isipokuwa imetiwa saini na Profesa na kupitishwa na watahini kufikia siku hiyo, jina langu linafutwa na hakuna kurudi.

Leo nimepata kitu cha kutilia saini.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea Profesa zile sahani. Aliziinua kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya nyingine, halafu akarudia ya kwanza.

"Mama Mchuzi, unajua hizi zinasema mimi nimekosea?"

"Najua, Profesa."

"Unajua nimewafundisha watu wangapi hili jambo?"

"Nami ni mmoja wao."

Akacheka, ila macho hayakucheka sana. Kisha akanikumbusha ninachokijua: sheria ya mkono wa pili. Ni sheria yake mwenyewe. Jambo lolote jipya katika maabara hii lazima lirudiwe na mtu mwingine, peke yake chumbani, akiwa na karatasi tu aliyoiandika mwenye kazi. Mwenye kazi haingii, haelekezi, wala hazungumzi naye habari hiyo. "Akiona ulichokiona, natia saini siku hiyohiyo. Asipoona, hatuna kitu."

Nikamwambia hata kesho aanze.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimeandika karatasi yangu ya maelekezo, ukurasa mmoja, mwandiko wa kupendeza. Najisifu.

Jumanne, 11 Machi

Mkono wa pili atakuwa Miwani. Ni kijana wa shahada ya udaktari, mrefu, miwani yake imefungwa gundi upande mmoja, alikuja kwetu mwaka juzi kutoka maabara nyingine na hajawahi kutuacha tusahau. Kwao walifanya hivi, kwao walifanya vile. Tasnifu yake, sura ya tatu yote, imesimama juu ya lile wazo la Profesa kwamba Bawabu anafungua. Nikiwa sahihi, sura hiyo inaanguka.

Sikulipenda hilo. Nilimwambia Profesa. Akasema ndiyo maana amemchagua yeye. Mtu anayetaka uwe umekosea ndiye shahidi mzuri ukiwa umepatia.

Maneno matamu. Tutaona.

Jumatatu, 17 Machi

Miwani ametoa sahani zake. Safu zote mbili zimeota. Juu imeota, chini imeota, sumu ipo na hakuna aliyekufa.

Alikuja kunionyesha kama sheria inavyoruhusu, sahani tu bila maelezo. Sura yake kavu. Nikamwambia ahsante, nikaenda stoo nikasimama kati ya rafu mpaka pumzi ikarudi.

Jumanne, 18 Machi

Nimeanza upya yangu mwenyewe, kuanzia mwanzo kabisa.

Alhamisi, 20 Machi

Miwani ameomba chupa nyingine za mchuzi. Nimempa.

Ijumaa, 21 Machi

Zangu: safu ya chini imekufa. Kama kawaida.

Jumatatu, 24 Machi

Zake: zimeota zote.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imeingia darini, tumeweka ndoo tatu kwenye korido. Miwani kaomba mchuzi tena. Jaribio moja linahitaji chupa mbili, yeye kachukua tisa. Nilimuuliza kama anakunywa. Akasema, "Hapana Mama," kwa adabu kabisa, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli. Hata utani hana.

Alhamisi, 3 Aprili

Nyumbani. Mama mkwe anakaa nasi tangu miguu ianze kumsumbua. Ulimi haujasumbuliwa hata kidogo. Leo amenikuta mezani na makaratasi.

"Wewe mwanangu, hamira si inaumua mkate?"

"Inaumua, Mama."

"Basi. Imeumua mikate tangu enzi na enzi bila kupelelezwa. Sasa unaipeleleza imekukosea nini?"

Mume wangu alikuwa kwenye cherehani yake pembeni, ana suruali ya mteja. Akainamisha kichwa kuficha kicheko. Fundi mzima wa nguo, baba wa watoto wangu wawili, na mbele ya mama yake hathubutu kunitetea. Nilimkata jicho. Baadaye aliniletea chai, akaketi, akaniambia nimsimulie tena habari ya milango. Namsimulia kila wiki. Kila wiki anasikiliza kama hajawahi kusikia, na mimi kila wiki namsamehe.

Jumatatu, 7 Aprili

Zake zimeota zote. Mara ya tatu.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimefanya jambo la aibu na ninaliandika ili linikae.

Nilimkuta Miwani koridoni, pale penye ndoo. Sheria inasema nisizungumze naye habari ya kazi. Nikasema, sizungumzii kazi, nazungumzia roho. Nikamwambia mtu akiwa na sura ya tatu ya kulinda, mkono wake unaweza kuteleza kwenye sumu, ikapungua kidogo tu, na hakuna atakayejua.

Aliivua ile miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Mama Mchuzi, napima sumu mara mbili kila siku. Ukitaka, kesho njoo na Profesa mpime nyinyi wenyewe." Kisha akaenda zake.

Nilitamani kumwita. Sikumwita, kiburi kilinizuia. Nimekuwa nikijiambia kwamba mimi ni mtu wa haki, na leo nimemwita kijana wa watu mwizi kwa sababu tu sahani zake hazikunipendeza.

Alhamisi, 10 Aprili

Profesa alipima sumu ya Miwani bila mimi kumwambia chochote. Ni sahihi kabisa. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Jumatatu, 14 Aprili

Zake: zote zimeota. Mara ya nne.

Jumanne, 15 Aprili

Mchuzi tena. Chupa tisa.

Jumanne, 22 Aprili

Profesa aliniita ofisini. Alikuwa amefunga dirisha, mvua inapiga vioo, na alinivutia kiti mwenyewe. Mtu mkubwa akikuvutia kiti, jua habari si njema.

"Zimebaki wiki tano," alisema. "Nataka tuangalie njia nyingine. Andika tasnifu fupi juu ya namna ya kupika chakula cha seli. Hakuna anayeijua kazi hiyo kukupita wewe. Nitaisaini, wataipitisha, utapata shahada yako."

"Na Bawabu?"

"Bawabu tumwache. Labda baadaye, mtu mwingine."

Nilijua anataka kunisaidia, na ndiyo maana iliuma zaidi. Miaka kumi na tisa nimepika, sasa niandike kwamba napika. Nikamuuliza swali moja: sahani zangu zimekufa mara ngapi? Akasema mara sita, ameziona. Nikamuuliza, katika hizo sita kuna hata moja iliyoota? Akasema hakuna.

"Basi Profesa, kuna kitu nafanya ambacho Miwani hafanyi, au anafanya ambacho mimi sifanyi. Seli hazijui mimi ni nani wala yeye ni nani. Hazina upendeleo. Nipe hizo wiki tano."

Alitazama kalenda ya ukutani. "Ukifika tarehe thelathini bila kitu, sina la kukusaidia tena."

"Najua."

Nilitoka pale na wiki zangu tano.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesoma karatasi yangu ya maelekezo mara ishirini. Haina kosa.

Jumatatu, 28 Aprili

Mara ya tano. Zimeota. Binti yangu mdogo kaniuliza kwa nini siimbi tena nikifua.

Ijumaa, 2 Mei

Taratibu, mkono, niandike kwa mpangilio.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kukusanya vyombo vichafu vya vyumba vyote. Kazi hiyo hakuna sheria inayonizuia kuifanya. Saa nane niliingia chumba cha Miwani, yeye ametoka kula. Juu ya meza kuna chupa za mchuzi, tisa, zote tupu. Chini ya meza kuna ndoo ya mabaki, ile ya kumwagia maji yaliyooshea seli. Nikaiinua ili nikamwage.

Nilifika nayo kwenye sinki, nikaanza kuinamisha, nikasita. Yale maji yalikuwa ya rangi ya chai. Nikanusa. Ule utamu mzito naujua, umeniingia kwenye nywele kwa miaka kumi na tisa. Haya si maji. Huu ni mchuzi wangu.

Niliposimama pale na ndoo mikononi, chupa zote tisa zikajipanga kichwani. Mbili za kukuzia seli. Saba za nini? Zaidi ya mwezi nimekuwa nikinung'unika juu ya mchuzi kama mpishi mchoyo, na jibu lilikuwa ndani ya manung'uniko yangu mwenyewe.

Miwani akaingia. Nikasema sheria itanisamehe.

"Mwanangu, seli unaziosha na kitu gani?"

"Na mchuzi, Mama. Mchuzi mpya, mara tatu, kisha nazizimua humohumo." Akaona uso wangu. "Kule nilikotoka tuliosha hivyo. Maji matupu yanazishtua. Karatasi yako imesema 'osha seli', haikusema na nini."

Nikaitoa karatasi mfukoni, ninatembea nayo. *Osha seli mara tatu, zimua, dondosha.* Kweli haikusema. Mwandiko mzuri, wa kupendeza, na haikusema.

Mimi nimeosha kila kitu maishani mwangu na maji. Chupa, sahani, watoto, sakafu. Haikunipitia akilini kwamba chini ya jua hili kuna mtu ataambiwa osha, naye achukue supu.

Nikaketi kwenye stuli yake. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, namwomba radhi kwa yale ya koridoni, na kosa lote ni langu. Kisha nikamwambia achukue chupa moja ya seli, tuigawe nusu kwa nusu, sasa hivi.

Miwani ni mwepesi wa kuelewa, hilo nimpe. Sikuwa nimemaliza kueleza akanimalizia. Mchuzi umejaa chakula halisi. Ukiosha seli kwa mchuzi na kuzizimua humo, kila tone linakwenda kwenye sahani na chakula chake. Milango ipo wazi, lakini chakula cha kweli kimejazana mlangoni, na ile sumu inayojifanya chakula inabaki nje inasukumwa. Seli hazikupona kwa sababu zimefunga milango. Zimepona kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Nusu tumeosha kwa maji, nusu kwa mchuzi. Amefanya zake, nimefanya zangu, meza mbili. Sahani zote zimeingia kabatini saa kumi na moja. Mvua ilikuwa kubwa wakati natoka na sikuisikia.

Jumamosi, 3 Mei

Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumapili, 4 Mei

Mume wangu amenikataza kwenda maabara. Amekaa mlangoni na cherehani yake, anasema leo yeye ndiye bawabu.

Jumatatu, 5 Mei

Tulifungua pamoja.

Zilizooshwa kwa mchuzi: zimeota zote, juu na chini. Zilizooshwa kwa maji: juu zimeota, chini zimekufa. Kwangu hivyo. Kwake hivyo. Mikono minne, jibu moja.

Miwani alizitazama akazitazama, halafu akasema polepole, "Sura ya tatu imekwenda." Na akatabasamu. Mpaka leo sikujua kijana huyu ana mwanya.

Mimi nililia. Nimelia kwa sauti, mbele ya kabati la joto, na sikuona aibu yoyote.

Jumanne, 6 Mei

Nilifika kwa Profesa saa moja na nusu niwahi kukiri kwamba nimevunja sheria. Nikamkuta Miwani yumo tayari. Alikuwa amewahi kumweleza kwamba sura yake imeanguka, na kwamba mimi nisilaumiwe, yeye ndiye aliyejibu nilipouliza. Huyu ndiye niliyemshuku. Nimemwangalia upya kuanzia viatu mpaka ile gundi ya miwani.

Profesa alitusikiliza wote wawili. Akasema matokeo ya jana ni mazuri, lakini hayahesabiki. Tumekwisha zungumza, Miwani si mkono wa pili tena. Sheria ni sheria.

"Profesa, nani amebaki? Wengine wote wamekwenda likizo."

Akajitazama mikono.

"Nimebaki mimi," alisema. "Andika karatasi nyingine."

Nimeiandika mbele yake. *Osha seli kwa maji safi, mara tatu. Kwa maji. Si kwa mchuzi.* Nimepiga mstari.

Ijumaa, 9 Mei

Profesa hajashika pipeti, lile bomba dogo la kudondoshea, kwa miaka tisa. Leo amejifungia chumbani na karatasi yangu, na mimi na Miwani tumekaa nje kwenye benchi kama watu wanaosubiri mgonjwa.

Baada ya dakika kumi tukasikia kioo kimevunjika. Baada ya ishirini, kingine. Kisha sauti: "Mama Mchuzi, ile taa ya moto inawashwa upande gani?"

Nikafungua mdomo, Miwani akaniziba kwa kiganja. "Sheria, Mama."

"Sheria, Profesa," nikapaza sauti.

Tukasikia mguno, na baada ya muda mlio wa mwali ukiwaka. Miwani alicheka mpaka akavua miwani. Alipotoka, saa tatu baadaye, Profesa alikuwa na doa la mchuzi kwenye tai na amelowa jasho, na alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu nimfahamu. Akasema alikuwa amesahau kwamba kazi hii ni tamu.

Jumatatu, 12 Mei

Aliniita kwa simu ya ndani. "Njoo na wewe uone."

Sahani zake zilikuwa mezani, zimepangwa. Matone yamekaa ovyo, mengine makubwa mengine madogo, mkono wa mtu aliyesahau. Lakini safu ya juu imeota na safu ya chini haina kitu. Sahani nne, zote nne.

"Miaka kumi na minne," alisema. "Niliona hamira isiyo na jeni hii inakua polepole kwenye mchuzi mzito, nikasema inashindwa kula. Kumbe inakula bila kiasi, imevimbiwa." Akaigeuza sahani moja. "Sikuwahi kuuliza kinyume chake. Wewe uliuliza."

"Sikuuliza, Profesa. Niliona tu."

"Wengi wanaona. Wanaosha sahani, wanaanza upya mpaka waone wanachotaka." Akachukua kalamu, akatia saini kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu, hapohapo, juu ya meza iliyojaa vioo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ya shukrani, nimeyafanyia mazoezi njiani. Yote yaliyeyuka. Nikasema, "Ahsante," kisha nikamwonyesha kwamba tai bado ina doa.

Jumanne, 20 Mei

Miwani ameniletea zawadi. Katika kazi yake ya zamani alikuwa ametengeneza hamira ambayo milango yake ya aina moja imebandikwa protini ya kung'aa kijani. Aliitengeneza ili aone Bawabu akifungua. Sasa hana kazi nayo, akasema, chukua Mama, uone akifunga.

Tulizima taa za chumba cha hadubini. Nikaweka jicho. Seli zenye Bawabu, zikiwa na njaa, kila moja ina pete ya kijani pembeni kabisa, ndiyo milango imepangwa ukutani. Miwani akadondosha chakula. Nilihesabu dakika. Pete ikaanza kukatikakatika, vipande vikaingia ndani, na baada ya nusu saa kijani chote kipo tumboni mwa seli na ukuta ni mweusi. Milango imeondolewa. Seli imeshiba, imefunga.

Kisha zile zisizo na Bawabu. Chakula kikadondoshwa. Nusu saa, saa nzima, pete ipo palepale, inang'aa, haina habari.

Nilimpisha Miwani aone. Akaangalia muda mrefu, halafu akaniambia bila kuinua kichwa kwamba ameanza kuandika sura ya tatu mpya, na kichwa chake cha habari ni kazi yangu. Akauliza kama naridhia. Nilimwambia naridhia, na kwamba kuanzia leo mchuzi achukue chupa anazotaka.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika juzi. Anga lilikuwa safi nilipotoka nyumbani, na mume wangu amenishonea sketi mpya, ya bluu, kiuno kimekaa sawasawa. Hakuniambia kwamba anashona. Aliitandika tu kitandani.

Utetezi ulianza saa tatu. Watahini watatu, mmoja wao wa nje, mama mwenye mvi na sauti ndogo, ambaye wengine walimwogopa hata kabla hajaketi. Miwani alikaa nyuma. Nikaonyesha sahani, nikaonyesha pete za kijani, nikaeleza.

Yule mama akaniuliza kwa nini kwenye maelekezo yangu nimeandika maji mara mbili na kupiga mstari, mtu yeyote si anajua kuosha ni kwa maji. Ningeweza kupita kwa mkato. Nikasimulia yote: karatasi yangu ya kwanza, chupa tisa, ndoo, na kwamba nilimshuku mtu asiye na hatia wakati kosa lilikuwa kwenye mwandiko wangu. Yule mama akaandika kitu, akamgeukia Profesa.

"Na msimamizi? Anakubali kwamba alichokiandika yeye si sahihi?"

Profesa akasimama, na hakulazimika kusimama. "Nakubali. Nimekirudia kwa mkono wangu mwenyewe. Nimevunja vyombo viwili, lakini nimekirudia."

Watu wakacheka, hata yule mama. Kisha akanigeukia kwa swali la mwisho. "Mara tano kazi yako ilikataa kurudiwa. Ulipewa njia rahisi ukaikataa. Kwa nini hukuacha?"

Nikasema, "Kwa sababu zilikuwa zinakufa mbele ya macho yangu kila mara. Sikuweza kujifanya sikuziona."

Wakanitoa nje. Dakika ishirini na tatu kwenye lile benchi. Waliponiita, wote watatu walikuwa wamesimama, na yule mama ndiye aliyesema. Nimefaulu. Bila masahihisho yoyote. Saa nane tasnifu ilikuwa mezani kwa msajili, saa moja kabla hawajafunga. Alipiga muhuri, na nilisikia mlio wake mpaka kifuani.

Nyumbani mabinti waliniangukia shingoni mlangoni. Mume wangu alizima cherehani, akaja akanishika mikono yote miwili, akashindwa kusema, na mimi nikamwambia najua. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, Mama."

"Njoo ukae hapa karibu. Leo nieleze mimi, hawa wamekwisha kusikia."

Nikakaa chini miguuni pake na sketi yangu mpya, nikamweleza. Milango, njaa, chakula, sumu inayojifanya chakula. Nikamweleza kwamba kuna jeni moja ndogo ndani ya hamira ambayo kazi yake ni kuifunga milango seli ikishiba, na kwamba ulimwengu mzima uliamini kinyume chake mpaka mwaka huu, na aliyeonyesha ni mkwe wake. Hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo halijatokea tangu niolewe.

Nilipomaliza akaniinamia.

"Huyo bawabu wako," alisema, "anajuaje kama ndani wameshiba?"

Nikafungua mdomo. Watahini watatu, Profesa, Miwani, miaka mitano, na hakuna aliyeniuliza hilo. Nilitafuta jibu kichwani kote nikakuta hakuna, na badala ya kuogopa nikasikia furaha inanipanda upya, kubwa kuliko ya asubuhi.

"Sijui, Mama. Hakuna anayejua."

Akanipigapiga begani.

"Basi Jumatatu usichelewe kazini."